Simu ya Mpwa Wangu: Maneno kwa Vijana Wanaokwenda Chuo Kikuu



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze na vijana wa kidato cha sita juu ya programu za simu zinazomfaa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilidhani amekosea jina. Mimi ni mhandisi wa maji mstaafu. Niliondoka hapa mwaka 1984 nikiwa na tranka la bati, kitabu cha logi, na godoro ambalo sitaki kulieleza mbele ya wageni. Simu pekee tuliyoijua ilikuwa ile ya ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na mwanafunzi aliyeitwa kwenda kuipokea alikwenda miguu ikimtetemeka, kwa sababu simu ile haikumtafuta mwanafunzi ila kwa habari ya msiba.

Lakini Katibu hakukosea. Alikuwa amesikia habari za mpwa wangu, na mpwa wangu mwenyewe ameniruhusu niwaelezeni, kwa sharti kwamba nisimtaje jina.

Kijana huyu ni mtoto wa dada yangu. Alisoma bweni kama ninyi, katika shule isiyoruhusu simu. Sikuja hapa kuipinga sheria hiyo, Mwalimu Mkuu asiwe na wasiwasi. Nasema tu kwamba alimaliza kidato cha sita akiwa hajamiliki simu hata siku moja, na mwishoni mwa mwaka 2021 alipopata nafasi ya kusoma famasia katika chuo kimoja mjini Dar es Salaam, ukoo mzima ulichanga akanunuliwa simu ya kisasa. Tulimfundisha namna ya kuvuka Barabara ya Morogoro. Tulimwonya juu ya marafiki wabaya. Mama yake alimsisitiza asikose ibada. Juu ya simu hatukumwambia neno, kwa kuwa sisi wenyewe hatukuwa na la kumwambia.

Mwezi wa tano mwaka 2022 bumu lilimwishia. Kwa wazee wasiojua, bumu ni jina ambalo wanachuo wameipa fedha yao ya kujikimu. Lilimwishia kabla ya wakati, kwa sababu ambazo kila mtu aliyewahi kuwa na umri wa miaka 20 anazijua. Akaona tangazo katika simu yake: mkopo kwa dakika 5, bila dhamana. Akaipakua programu hiyo. Ikamwomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote alizohifadhi, naye akabonyeza kukubali, kama ambavyo wengi wenu mngebonyeza. Aliomba shilingi 50,000. Zikaingia 35,000. Akatakiwa arudishe 50,000 baada ya siku 7. Siku ya saba hakuwa nazo, akapakua programu ya pili ili ailipe ya kwanza, kisha ya tatu ili ailipe ya pili.

Mimi nilizipata habari hizi nikiwa msibani. Nimekaa jamvini na wazee wenzangu, mara ukaingia ujumbe katika simu yangu: kijana fulani, kwa jina lake kamili, ni tapeli, mimi nimetajwa kuwa mdhamini wake, nimwambie alipe, la sivyo picha yake itasambazwa. Ujumbe huo huo ulimfikia mama yake. Ulimfikia mwalimu wake wa zamani wa kemia, ulimfikia muuza mkaa wa mtaani kwao, na ulimfikia msichana mmoja wa darasani ambaye mpwa wangu alikuwa na namba yake lakini hajapata ujasiri wa kumpigia.

Siku tatu hakuonekana darasani. Siku ya nne alinipigia kwa simu ya mwenzake. "Shikamoo Mjomba." Nikaitikia. Akanyamaza muda mrefu, hata nikadhani salio limemwishia. Kisha akasema, "Mjomba, naona nirudi tu nyumbani. Chuo nimekishindwa."

Kesho yake nilipanda basi la alfajiri kutoka Morogoro.

Nilimkuta amekaa kwenye kimbweta peke yake, zile meza za saruji wanazosomea wanachuo chini ya miti. Nilikuwa nimejitayarisha kumfokea. Nilipoiona sura yake nikaona hapana haja. Tulichukua karatasi tukaandika kila alichopokea na kila alichotakiwa kulipa, na tulipotenganisha deni lenyewe na zile adhabu zilizorundikwa juu yake, tukaona kwamba kijana alikuwa tayari kuacha masomo ya miaka minne kwa fedha isiyofika bei ya mbuzi wawili. Aibu ndiyo iliyokuwa kubwa. Tulilipa, tukafuta programu zile mbele ya macho yetu sote wawili, na mimi nikakaa kuwapigia watu simu mmoja mmoja kuwaeleza, akiwamo muuza mkaa. Yule msichana nilimwachia mwenyewe.

Tangu wakati ule mambo yamebadilika kidogo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwezi wa tano mwaka 2023. Mwezi huo huo Google walianza kuzikataza programu za mikopo zilizo katika duka lao zisisome namba na picha za mkopaji. Na mwezi wa kumi na moja mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Hata hivyo programu huweza kupatikana nje ya duka, kwa kiungo tu ambacho rafiki amekutumia, na likifungwa jina moja hufunguliwa jingine. Kwa hiyo kijana, ukiona programu ya mkopo, kwanza uliza kama mwenyewe anayo leseni ya Benki Kuu. Na programu yoyote, hata isiyo ya mkopo, ikikuomba kitu kisichohusiana na kazi yake, ikatalie. Tochi haina haja ya kujua namba ya mama yako.

Mchana ule hapo kimbwetani tuliifagia simu. Nasema tuliifagia kwa sababu hasa ndivyo ilivyokuwa. Kila programu niliuliza: hii inakufanyia kazi gani? Na bando likiisha, unabaki na nini? Nyingi hazikuwa na jibu. Kijana akanionyesha pia mahali katika mipangilio ambapo simu yenyewe huhesabu saa ambazo mwenyewe ameitazama. Siku moja kabla ya matatizo yake ilikuwa imefika saa 6 na dakika kadhaa. Nikamwambia kwamba sisi kipindi cha usiku cha kujisomea hapa shuleni kilikuwa saa 2, na tulikiona kirefu kama mwaka.

Yeye aliniuliza swali zuri sana. "Sasa Mjomba, tukifuta zote, nibaki na nini?" Sikuwa na jibu. Tukaenda kumwuliza mkutubi wa chuo, mama mmoja mpole, naye akatupa saa nzima ya kazi yake. Haya nitakayowaambieni sasa ni ya mama yule, pamoja na yale ambayo mpwa wangu aliyaona kwa kuyatumia.

Programu ya kwanza aliyotuwekea inaitwa Kiwix. Ilianzishwa mwaka 2007, na kazi yake ni kuichukua Wikipedia na vitabu vingine vya mtandaoni na kuvihifadhi ndani ya simu, ili uvisome bila mtandao wowote. Unapakua mara moja, mahali penye intaneti ya bure kama maktaba, na baada ya hapo hudaiwi hata senti ya bando. Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha zake inazidi gigabaiti 100, haiingii katika simu ya mwanafunzi. Lakini wamezikata katika mafungu. Liko fungu la Wikipedia ya Kiswahili. Liko fungu la tiba peke yake, linaloitwa WikiMed, nalo ndilo mpwa wangu alilolichukua, maana famasia na tiba ni ndugu. Alikuwa akisoma ndani ya daladala, na akisoma umeme ukikatika bwenini. Wikipedia siyo kitabu cha kunukuu katika mtihani, wahadhiri watawaambieni hivyo, nao wana haki. Lakini mtu aliyekosa kuelewa neno moja katika mhadhara wa asubuhi, akalielewa kabla ya chakula cha mchana, amesogea mbele kuliko mwenzake anayengoja bando.

Ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na hapa mtaniwia radhi nikikawia.

Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana, kisha akajipima baada ya dakika, saa na siku kadhaa aone amesahau kiasi gani. Aliona kwamba mtu husahau sehemu kubwa mapema mno, na baadaye kinachobaki hupotea polepole. Tena aliona kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali yanashinda marudio mengi ya siku moja. Yaani kule kukesha kwetu usiku wa kuamkia mtihani, miguu ndani ya beseni la maji baridi, kulikuwa kumekwisha kupimwa na kuonekana hafifu miaka mia moja kabla yetu, na hakuna aliyetuambia!

Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza katika kitabu chake namna ya kulitumia jambo hilo kwa boksi lenye vyumba. Mwaka 2006 ikatokea programu iitwayo Anki, neno la Kijapani lenye maana ya kukariri, ambayo inafanya kazi ya boksi hilo ndani ya kompyuta na simu. Kwenye simu za Android inaitwa AnkiDroid nayo ni ya bure. Kwenye iPhone inauzwa, tena si bei ndogo. Unaandika kadi mwenyewe: upande huu swali, upande wa pili jibu. Mpwa wangu aliandika mathalani, "Doksisilini: kwa nini mjamzito hapewi?" na nyuma yake, "Hudhuru mifupa na meno ya mtoto aliye tumboni." Kila asubuhi simu inamletea kadi za siku ile. Aliyoijua vizuri itarudi baada ya siku nyingi, aliyokosea itarudi upesi. Haihitaji bando. Dakika 20 kabla ya kuoga, basi. Alianza na kadi 10 kwa siku, na mwaka wa kwanza ulipokwisha alikuwa na sapu moja tu, yeye aliyekuwa ananiaga kwamba anarudi nyumbani. Mwaka wa pili hakuwa na sapu.

Onyo moja. Wengine hupakua kadi zilizoandikwa na watu wengine, maelfu kwa maelfu, wakadhani wamepata elimu. Kadi ambayo hukuiandika wewe ni desa tu.

Vijana wa hapa mtasema, sisi simu hatunazo. Sawa. Nendeni mkatafute boksi la viatu na karatasi za manila. Likateni vyumba vitano. Kadi zote zianzie chumba cha kwanza, nacho mkipitie kila siku. Kadi uliyoijibu sawa isogee chumba cha pili, ambacho utakipitia kila baada ya siku mbili au tatu, na hivyo hivyo mpaka cha tano. Ukikosea, kadi irudi chumba cha kwanza hata kama ilikuwa imefika cha nne. Ndiyo Anki yenyewe, bila betri. Mitihani yenu ya mwezi wa tano haingoji mpate simu.

Sasa nije kwenye nakala, na hapa lazima nirudi nyuma kidogo.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho pale Mlimani niliandika ripoti ya mradi wangu kwa mkono, kurasa zaidi ya 60, nikampelekea mama mmoja mpiga chapa mjini. Akaipokea, akaipima mkononi, akauliza, "Nakala yako iko wapi?" Nikasema sina, ndiyo hiyo hiyo. Akanirudishia. "Mwanangu, mimi sishiki kazi ya mtu isiyokuwa na pacha." Nilikasirika sana. Nilikesha siku mbili nikinakili huku namnung'unikia. Wiki ya pili mvua ikanyesha, paa la ofisi yake likavuja, na kurasa zangu karibu nusu zikawa uji wa wino. Nilimletea ile nakala nyingine. Hakunicheka. Aliweka kaboni katika mashine akaendelea kupiga.

Mpwa wangu nilimpa amri hiyo hiyo: usiwe na kazi isiyokuwa na pacha. Katika simu alitumia Google Drive, ambayo ina nafasi ya bure ya kutosha maandishi ya mwanafunzi, na ndani yake mna sehemu ya kupiga picha karatasi na kuzigeuza pidiefu. Kila jioni alipiga picha madaftari yake na michoro ya ubaoni, akiyapa majina yanayoeleweka, somo na tarehe. Jumapili alihamisha kila kitu kwenye flashi na kuiacha kwa rafiki yake wa bweni jingine. Wenzake walimwita Mzee Kumbukumbu.

Mwaka 2024, akiwa mwaka wa tatu na mradi wake umefika katikati, simu ilinyakuliwa dirishani mwa daladala pale Mwenge. Mkono uliingia, ukatoka, gari likaondoka. Alinipigia jioni. Mimi moyo ulinidunda nikakumbuka mwaka 2022. Akasema, "Mjomba, simu imekwenda. Kazi ipo." Alikuwa amekwisha kwenda kurudisha laini yake, kwa maana bila laini hupati zile namba za uthibitisho wanazotuma unapofungua akaunti katika simu ngeni, liwekeni hilo akilini. Akafungua katika kompyuta ya maktaba, akakuta maandishi yake yote mpaka ya jana yake. Wiki tatu alisoma bila simu, na kadi zake za Anki alizipitia kwenye kompyuta ile ile.

Mengine nitayapitia haraka. Kwa wale mtakaosoma uhandisi, hesabu au fizikia, wekeni GeoGebra, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg kule Austria. Inachora grafu yoyote, unasogeza namba kwa kidole na mstari unainama mbele yako. Ningekuwa nayo mwaka 1984 nisingeichukia kalkulasi kwa miaka miwili.

Mtakapofika mwaka wa kuandika utafiti, jifunzeni Zotero. Ni ya bure, ilitoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani, na siku hizi iko hata kwenye simu. Inahifadhi kila kitabu na makala uliyosoma, na kukupangia orodha ya marejeo mwishoni mwa kazi yako. Ianzeni mwaka wa kwanza, msingoje wa mwisho.

Najua mnataka kuniuliza juu ya akili mnemba, hizi programu za kuulizwa swali zikajibu kama mtu, ambazo zilienea baada ya ChatGPT kutolewa mwezi wa kumi na moja mwaka 2022. Mpwa wangu huzitumia kuelezewa jambo gumu kwa maneno mepesi, nami sioni ubaya. Lakini mwenzake mmoja alizitumia kutafuta marejeo, akakabidhi kazi yenye vitabu vitatu ambavyo havijapata kuandikwa na mtu yeyote duniani. Msimamizi alikwenda kuvitafuta. Kwa hiyo kitabu ambacho hukukifungua kwa mkono wako, usikitaje.

Wazee wenzangu, neno langu la mwisho ni kwenu. Katika mkutano wetu uliopita nilikuwa miongoni mwa waliosema fedha za Chama ziende kwenye rangi ya bwalo, na kwamba mambo ya kompyuta vijana watayakuta mbele. Nilisema hivyo, na kumbukumbu za kikao zipo. Mpwa wangu aliyakuta mbele, na mmesikia namna alivyoyakuta. Sasa yuko katika mafunzo ya kazi hospitalini, na mwezi uliopita alikuja nyumbani akaichukua kompyuta yangu ya zamani, ile niliyostaafu nayo, akaweka Kiwix ndani yake pamoja na Wikipedia ya Kiswahili, fungu la tiba, na GeoGebra. Nimekuja nayo leo. Mwalimu wa maktaba ameipokea asubuhi, na ufunguo wa kabati anao yeye. Haihitaji intaneti, kwa hiyo haivunji sheria ya shule. Ni moja tu, na kidato cha sita peke yake wako zaidi ya mia moja. Mwenye kompyuta iliyolala kabatini nyumbani kwake, hata kama kioo kimepasuka pembeni, amwone Katibu kabla ya chakula. Kijana ameahidi kuja likizo ijayo kuzijaza.

Baada ya picha ya pamoja nitakuwa chini ya ule mwembe wa nyuma ya maabara, nikiwa na boksi la viatu. Mwenye mkasi aje nao.